Kichwa cha kondoo darasani: mwongozo wa kufundishia upasuaji wa pua

Daktari anayejifunza upasuaji wa pua kwa endoskopu hufanya kazi ndani ya uwazi usiozidi upana wa kidole. Mkono wa kushoto umeshika endoskopu yenye kamera, wa kulia umeshika koleo au kifyonzi, na macho yako kwenye skrini wala si kwa mgonjwa. Pembeni mwa eneo la kazi limo jicho na juu yake umo ubongo, vyote viwili vikitengwa na pua kwa mfupa ambao mahali pengine ni mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Tangu Walter Messerklinger na wenzake wa Graz, Austria, walipoweka msingi wa upasuaji huu, na David Kennedy akaueneza Marekani katikati ya miaka ya 1980, swali linalowasumbua wakufunzi ni lilelile: mwanagenzi afanyie wapi makosa yake ya kwanza?

Maiti ya binadamu ndiyo shule bora ya anatomia, lakini ni adimu, ina masharti mengi ya kisheria, na mara nyingi imehifadhiwa kwa formalini, ambayo huufanya utando wa pua kuwa mkavu na mgumu. Vielelezo vya plastiki vinavyotengenezwa kwa printa za pande tatu vimeboreka sana, ila plastiki haichaniki kama utando wala haivunjiki kama mfupa. Kati ya hivyo viwili kuna kichwa cha mnyama aliyekwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama, hasa kondoo, ambacho kina utando laini, gegedu halisi, mifupa myembamba na kamasi za kweli.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mkufunzi anayetaka kuanzisha mafunzo ya namna hiyo, nao unasimama juu ya jambo moja ambalo naliona likipuuzwa mara kwa mara: kichwa cha kondoo hufundisha mikono, hakifundishi ramani. Mwanagenzi anayetoka kwenye kichwa hicho akiwa amejifunza kuongoza endoskopu bila kugusa kuta, kuinua utando bila kuutoboa na kukata badala ya kuvuta, amepata alichokifuata. Anayetoka akidhani kwamba sasa anajua sinasi za binadamu, yaani mapango ya hewa ndani ya mifupa ya uso, zilipo amepotoshwa, na lawama ni ya mkufunzi.

Kwa nini kondoo

Mbuzi anafanana na kondoo kwa mambo mengi ya ndani ya pua na anaweza kutumika badala yake pasipo kubadili mpango wowote, ingawa pembe zake huleta taabu ya kukilaza kichwa. Nguruwe ana ngozi na gegedu zinazofaa kwa mazoezi ya kushona, lakini ncha ya pua yake ina mfupa wa pekee unaoifanya kuwa ngumu na kuzuia vyombo kupinda upande. Isitoshe, baadhi ya wanagenzi hawawezi kumshika kwa sababu za dini, na hakuna haja ya kumweka mtu katika hali hiyo ilhali kondoo yupo. Kwa mazoezi ya kuchonga gegedu peke yake, kabla ya upasuaji wa kurekebisha umbo la pua, gegedu ya kidari cha kuku inatosha kabisa: huchongwa kwa kisu, hupinda ikichongwa upande mmoja zaidi ya mwingine, na hushonwa kwa uzi uleule unaotumiwa kwa mgonjwa.

Umri wa kondoo unahitaji kufikiriwa. Sinasi hupanuka kadiri mnyama anavyokua, kwa hiyo kondoo mkubwa ana nafasi kubwa zaidi ya kufanyia kazi kuliko mwanakondoo. Kwa upande mwingine, kondoo wanaweza kuwa na ugonjwa wa skrepi, unaosababishwa na prioni, yaani protini zilizoharibika umbo ambazo haziuawi kwa mvuke wa kawaida wa kusafishia vyombo. Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Ulaya huihesabu fuvu la kondoo na mbuzi aliyezidi miezi 12, pamoja na ubongo na macho yake, kuwa kiungo cha hatari kinachopaswa kuharibiwa. Mahali penye kanuni kama hizo hakuna mjadala, ni lazima kutumia walio chini ya umri huo. Mahali pasipo na kanuni hizo, bado mimi ningechagua mnyama wa karibu mwaka mmoja, mwenye afya, aliyekaguliwa na daktari wa mifugo kabla na baada ya kuchinjwa, na ningependelea asiye na pembe.

Kwa kuwa mnyama huyu hakuuawa kwa ajili ya mafunzo, uzito wa kimaadili ni mdogo kuliko ule wa kutumia mnyama hai, lakini haujaisha. Kanuni tatu zilizowekwa na William Russell na Rex Burch mwaka 1959, yaani kumbadilisha mnyama kwa kitu kingine inapowezekana, kupunguza idadi na kuboresha namna ya kumtumia, zinagusa hata darasa hili: kila kichwa kitumike pande zote mbili, kwa mazoezi mengi kadiri kinavyoruhusu, na uongozi wa taasisi uwe umeidhinisha kwa maandishi.

Kukipokea kichwa na kukiandaa

Waelezeni wafanyakazi wa machinjio mapema kwamba mnahitaji kichwa ambacho hakikupasuliwa, ambacho macho hayajatolewa, na ambacho kimekatwa chini kidogo ya taya ili pasiwe na ufa kwenye fuvu. Ombi hili likiachwa hadi asubuhi ya darasa, mtapokea vichwa vilivyogawanywa kwa shoka katikati, na siku imeharibika.

Kichwa kibichi kilichokaa kwenye friji yenye nyuzi 4 za Selisiasi kinafaa siku hiyo na kesho yake. Kisipotumika ndani ya muda huo kigandishwe, lakini kwanza pua ioshwe. Hatua hii ndogo ndiyo inayotofautisha darasa zuri na baya. Ingizeni mpira laini kwenye kila tundu la pua, mkielekeza ncha zake chini na nyuma, kisha pitisheni maji ya chumvi au maji safi ya uvuguvugu kwa bomba la sindano kubwa hadi yanayotokea nyuma ya koo yawe meupe. Kitakachotoka kwanza ni kamasi nzito, majani yaliyotafunwa na damu iliyoganda, na kikiachwa humo kikagandishwa, kitakuwa ute wa kijani unaochafua lenzi kila baada ya sekunde chache.

Msishangae mkikuta funza. Nzi aitwaye Oestrus ovis hutaga funza wake puani mwa kondoo, nao hupanda hadi kwenye sinasi za paji la uso, wakanenepa mpaka kufikia urefu wa sentimita mbili au zaidi. Katika endoskopu funza huyo huonekana kama punje kubwa ya rangi ya maziwa yenye mistari ya kahawia, akiwa amejibana kwenye kona ya konka, yaani mfupa uliojikunja kwenye ukuta wa pembeni wa pua. Mwanagenzi anayekutana naye kwa mara ya kwanza huruka nyuma na kuigonga kamera ukutani, kwa hiyo ni vyema wote waonywe. Baada ya hapo kumtoa kwa koleo bila kumpasua ni zoezi zuri la kuondoa kitu kigeni puani, nami nimekwisha kulihesabu kuwa bahati badala ya kero.

Kichwa kilichogandishwa kiyeyushwe ndani ya friji kwa siku moja hadi mbili kutegemea ukubwa wake. Wanaokiweka mezani usiku kucha hupata kichwa ambacho ngozi yake imeanza kunuka ilhali kina cha pua bado ni barafu: koleo linapoingia husikika mlio wa kukwaruza, na utando hutoka vipande vipande pamoja na chembe za barafu. Kikisha kuyeyuka kisigandishwe tena.

Linalofuata ni urefu wa pua. Makoleo mengi ya sinasi yametengenezwa kwa pua ya binadamu na shina lake lina urefu wa kati ya sentimita 11 na 13, ilhali tundu la pua la kondoo ni refu na jembamba mbele, kiasi kwamba mwanagenzi akiingia kwa njia ya kawaida chombo kinaishia njiani. Suluhisho linalotumiwa ni kukata sehemu ya mbele ya pua kwa msumeno. Lazeni koleo kando ya uso wa kondoo, ncha yake ikiwa usawa wa kona ya ndani ya jicho, muone shina linaishia wapi, kisha mkate hapo, mpate uwazi mpana wenye septamu, yaani ukuta unaotenga matundu mawili ya pua, katikati na konka pande zote mbili. Msumeno wa meno madogo huacha ukingo safi kuliko wa mbao. Osheni tena ili kuondoa unga wa mfupa.

Lakini msikate kabla ya kufikiri. Septamu ya gegedu, mabawa ya pua na ngozi ya ncha vyote vimo katika kile kipande cha mbele, na mazoezi yote ya septamu na ya umbo la pua yanakihitaji. Kwa hiyo ama mazoezi hayo yafanywe kwanza kichwa kikiwa kizima, ama kipande kilichokatwa kitiwe kwenye trei yake na kupewa mwanagenzi mwingine. Nimewahi kuona kipande hicho kikitupwa kwenye ndoo ya taka asubuhi, na mchana mkufunzi akikitafuta.

Meza na vyombo

Kilazeni kichwa chali, paji la uso likielekea juu kama la mgonjwa, kwenye trei yenye kingo. Taya la chini likiondolewa, kichwa hutulia zaidi. Taulo lililokunjwa huwekwa chini ya kisogo, kisha kichwa kifungwe kwa mkanda au kibanwe kwa jiliwa. Kichwa kinachoteleza humfundisha mwanagenzi kukishikilia kwa kiganja, nayo ni tabia mbaya kuihamishia kwa mgonjwa. Mwanagenzi anayetumia mkono wa kulia asimame upande wa kulia, skrini iwe mbele yake moja kwa moja usawa wa macho, na meza iwe chini kidogo ya viwiko. Haya ni mambo ya thieta halisi na yanapaswa kuzingatiwa kwa kichwa cha kondoo vilevile, kwa kuwa maumivu ya shingo na mgongo kwa wapasuaji wa endoskopu huanzia kwenye mazoea ya siku za mwanzo.

Endoskopu ya milimita 4 yenye pembe ya nyuzi 0 inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi, na ya nyuzi 30 iongezwe kwa ajili ya sinasi za pembeni na za juu. Tumieni zile zilizozeeka, ambazo picha yake bado ni safi lakini hazirudi tena kwa wagonjwa. Vyombo vya lazima ni elevata ya Freer (kifaa chembamba bapa cha kuinulia utando), kisu kilichopinda, koleo la Blakesley lililonyooka na lililopinda juu, koleo la kukata, koleo la kukata kinyumenyume, kifyonzi chenye ncha butu, mkasi wa konka na patasi ndogo. Drili na mikrodebrida (kifaa chenye kisu kinachozunguka, kinachokata na kufyonza kwa pamoja) ni ziada yenye faida, ingawa mikrodebrida hujaa haraka kwa kamasi nzito za kondoo ikiwa kichwa hakikuoshwa vizuri. Chomoeni mwanga kila endoskopu inapowekwa chini, kwa maana ncha ya waya wa mwanga inaweza kuunguza kitambaa bila mtu kuona moshi.

Kila aliye mezani avae glavu mbili, aproni isiyopitisha maji, miwani ya kinga na barakoa. Drili ikitumika, barakoa iwe ya kuchuja chembe ndogo. Kondoo anaweza kubeba homa ya Q na ugonjwa wa ngozi uitwao orf, na mtu mjamzito asishiriki.

Mazoezi, kuanzia la kutazama

Zoezi la kwanza halina kukata. Mwanagenzi apewe endoskopu peke yake na aambiwe aingie mara tatu: kwanza kwa kufuata sakafu ya pua hadi nyuma ya koo, kisha kati ya konka mbili kubwa, kisha juu kuelekea eneo la kunusia. Kila safari aeleze kwa sauti anachokiona. Konka ya chini ya kondoo ni kubwa mno, imejikunja mara mbili kama karatasi iliyoviringishwa kutoka ncha zote mbili, na nafasi ya kupita ni ndogo. Hiyo ndiyo faida yake. Anayeweza kufika nyuma bila lenzi kuguswa na utando katika pua hii atapata wepesi katika pua ya mtu. Pimeni kwa hesabu rahisi: lenzi imetolewa kufutwa mara ngapi? Mwanzoni ni mara nyingi kuliko mnavyotarajia, na idadi ikianza kupungua mjue mkono umeanza kutulia.

Baadaye kiongezwe chombo cha pili. Wekeni vipande vidogo vya uzi wa rangi au shanga katika sehemu mbalimbali za pua, mwanagenzi avitoe kwa koleo huku endoskopu ikitangulia na chombo kikiingia chini yake. Kosa la kawaida ni kuingiza chombo kwanza kisha kukitafuta kwa kamera. Katika kichwa cha kondoo kosa hili linaacha alama za wazi, michubuko mirefu kwenye septamu, ambazo mkufunzi anaweza kumwonyesha mwanagenzi mwenyewe baada ya zoezi bila ya kusema neno.

Septamu ndilo zoezi ninalolithamini kuliko yote. Utando wa kondoo ni mnene kuliko wa mtu na humvumilia anayejifunza, lakini tabaka la kuinulia ni lilelile: chini ya utando wa gegedu na si juu yake. Kata wima karibu na ukingo wa mbele, kwaruza kwa ncha ya elevata hadi uone gegedu yenye rangi ya samawati nyeupe inayong'aa kama kauri, ndipo uanze kusukuma. Ukiwa kwenye tabaka sahihi, elevata huteleza karibu bila nguvu na utando huinuka kama ngozi ya ndizi mbivu. Ukiwa juu yake, unahisi mkwamo na unaona nyuzi nyekundu. Mwanagenzi asiruhusiwe kuendelea mpaka aione ile rangi. Kipande kikishainuka pande zote mbili, akate sehemu ya gegedu akiacha nguzo za juu na za mbele, kisha ashone utando kwa mishono ya kupitiliza. Upande wa pili utumike kuinua kipande kirefu cha utando chenye shina nyuma, kama kile kinachotumika kuziba sakafu ya fuvu.

Kupunguza konka ya chini kunafuata, kwa mkasi au kwa mikrodebrida, na kunafungua njia ya mazoezi yote yaliyosalia. Sinasi ya taya inafikiwa kupitia upenyo mwembamba uliojificha pembeni, kati ya konka. Mwanagenzi autafute kwa kifaa kilichopinda chenye ncha butu, aupanue kwanza nyuma kisha mbele kwa koleo la kinyumenyume, halafu atazame ndani kwa endoskopu ya nyuzi 30. Humo ataona mfereji wa neva wa chini ya jicho ukikatiza na mizizi ya magego ikivimbisha sakafu, picha ambayo si ya binadamu, na hapa mkufunzi anapaswa kusema waziwazi nini kinafanana na nini hakifanani.

Kazi ya kufungua vyumba vya ethmoidi, yaani sinasi ndogondogo zilizo kati ya macho, hufanyika nyuma zaidi kuliko kwa mtu. Kuta zake ni nyembamba mno na huvunjika kwa mlio mdogo unaosikika vidoleni. Lengo liwe kukata utando kwa koleo la kukata, kwani kunyofoa kwa koleo la kushika huvua utando wote na kuacha mfupa uchi, jambo ambalo kwa mgonjwa huleta makovu na kuziba upya. Sinasi ya sfenoidi, ile ya nyuma kabisa ya pua, msihangaike nayo, kwa sababu kondoo kwa kawaida hana, na yeyote atakayefundisha kuifungua kupitia kondoo atakuwa anamtobolesha mwanagenzi fuvu.

Macho yameachwa kichwani kwa makusudi. Chini ya jicho la kondoo kuna puto la mfupa jembamba kama ganda la yai, na mwanagenzi anapofanya kazi upande huo msaidizi abonyeze jicho taratibu kwa kidole kutoka nje, huku wote wakitazama skrini. Panapocheza ndani, mfupa umekwisha toboka. Kipimo hiki, kinachojulikana kwa jina la Stankiewicz, huelezwa darasani kwa sentensi moja na husahaulika. Akikiona mara moja kwenye kichwa cha kondoo, mwanagenzi atakikumbuka thieta. Kisha ukuta utobolewe kwa makusudi, mafuta ya jicho yatokeze, na yatupwe kwenye kikombe cha maji kando ya kipande cha utando: mafuta yataelea na utando utazama.

Kwa upasuaji wa kufungua njia ya machozi, mnahitaji taa nyembamba ya nyuzi ya upasuaji wa macho au, ikikosekana, waya laini wenye ncha butu, unaopitishwa kwenye tundu la machozi la kope hadi mwanga wake uonekane kupitia utando wa pua. Hapo mfupa hutolewa kwa drili au koleo la Kerrison. Maji yenye rangi yakisukumwa kutoka kwenye kope na kutokea puani, kazi imekamilika.

Kuziba tundu la sakafu ya fuvu ni zoezi la waliobobea, lifanywe mwisho, na kwa wanyama wachanga tu kwa sababu ya ile hatari ya tishu za ubongo. Fungueni kidirisha cha milimita tano hivi kwenye paa la pua hadi utando wa ubongo uonekane, toboeni utando huo, kisha elekezeni maji yenye rangi kutoka kwenye chupa iliyotundikwa hadi ndani ya fuvu kupitia tundu lililotobolewa kwa juu. Mwanagenzi azibe kwa tabaka la ndani la kipande cha msuli au faksia (utando mgumu unaofunika msuli) ya shavu la kondoo huyohuyo, afunike kwa utando wa septamu alioutunza, na chupa iinuliwe kidogo kidogo. Hakuna maksi za mkufunzi zinazoshinda tone la rangi linalochungulia kando ya kiraka.

Damu, ambayo haipo

Kichwa hiki hakivuji damu, na hilo ndilo pengo lake kubwa. Mwanagenzi huzoea uwanja msafi na kusahau kwamba kwa mgonjwa mkono wa kulia hutumia muda mwingi kufyonza. Pengo linapunguzwa kwa kubandika mpira mwembamba wa kulishia mtoto juu ya eneo la kazi, ncha yake ikifichwa nyuma ya konka, na kudondosha maji mekundu mazito kidogo kwa kasi inayobadilishwa na msaidizi bila taarifa. Njia bora zaidi, kama kuna muda, ni kutia katheta kwenye ateri za karotidi zinazoonekana pale shingo ilipokatwa, kufunga mishipa mingine, na kusukuma maji ya rangi kwa pampu.

Hata hivyo, kutokwa na damu kwa wingi kutoka kwenye ateri ya karotidi ya ndani hakuigizwi kwa chupa. Huko Adelaide, Australia, kundi la Peter-John Wormald lilitengeneza mfano wa kondoo hai aliyelazwa usingizi wa nusukaputi, ambamo ateri hujeruhiwa ndani ya njia iliyofanana na pua, na wapasuaji hujifunza kuudhibiti uwanja wakiwa wawili, mmoja akiongoza kamera na kifyonzi, mwingine akiziba. Kazi hiyo ilionyesha kwamba kipande cha msuli kilichopondwa na kukandamizwa juu ya jeraha hufanya vizuri kuliko vizibo vingi vya dukani. Mafunzo hayo yanahitaji kamati ya maadili, daktari wa mifugo, mtaalamu wa nusukaputi, na mnyama ambaye haamshwi tena. Kwa maoni yangu yanawafaa wapasuaji wanaofanya kazi ya sakafu ya fuvu tu. Kumwita mwanagenzi wa mwaka wa kwanza ni kumtumia mnyama bure.

Kupima

Muda peke yake ni kipimo kibaya, kwani anayeharibu kila kitu humaliza mapema. Tumieni alama za mfumo wa OSATS uliobuniwa Toronto katika miaka ya 1990, ambao humpima mtu kwa vipengele saba, kila kimoja kutoka 1 hadi 5, kikiwemo cha kuheshimu tishu na kile cha kutumia mwendo bila kupoteza. Rekodini video kutoka kwenye kamera na mumpe mkufunzi wa pili asiyejua ni ya nani. Baada ya zoezi la mwisho kipasueni kichwa kwa msumeno katikati, mwanagenzi mwenyewe atazame upande wake: utando uliobaki, mfupa ulioachwa uchi, tundu ambalo hakujua amelitoboa. Kama mashine ya CT inapatikana nje ya saa za wagonjwa, picha ya kabla na ya baada inaeleza zaidi, na kwa kipindi kinachofuata, ambacho kinapaswa kuwa cha maiti au cha kusaidia thieta, mwanagenzi aje na picha ya CT ya binadamu aliyoisoma, kwani ya kondoo haitamsaidia tena.

Kusafisha

Mabaki yafungwe kwenye mifuko miwili na kupelekwa kwenye tanuri la taka za hospitali au kwa wakala anayeruhusiwa kuchukua mizoga. Yasiingie kwenye taka za kawaida wala yasipewe mbwa. Meza na sakafu zioshwe kwa sabuni kwanza, kisha klorini, maana klorini iliyomwagwa juu ya mafuta na damu haifanyi kazi.

Vyombo vipakwe alama ya rangi isiyofutika kwenye mpini, na vikae kwenye sanduku lao lenye kufuli, nje ya chumba cha kusafishia vya thieta. Siku moja koleo la thieta litapotea dakika kumi kabla ya upasuaji, na mtu mwenye nia njema atalikumbuka lile sanduku. Ufunguo uwe na mtu mmoja, na mtu huyo awe amekwisha kuambiwa kwa nini prioni haziondoki kwa mvuke.